Randi 140 za Mwisho za Puseletso

Saa mbili na robo asubuhi, tarehe ishirini na tano Novemba. Ni siku ya mshahara, na foleni katika duka la jumla mjini Phuthaditjhaba imeshafika kwenye rafu za mafuta ya kupikia. Kaunta namba sita, Puseletso Mokhethi anapokea kadi ya mkopo ya bwana mmoja aliyebeba mbavu za ng'ombe na mifuko miwili ya mkaa.

"Kwa mkupuo au kwa miezi, baba?"

"Miezi kumi na miwili," anajibu bwana huyo, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Nyama hii itaisha Jumapili, baba. Unataka uilipe mpaka Novemba ijayo?"

Foleni inacheka. Bwana anajikuna kisogo, naye anacheka, kisha anasema basi, iwe kwa mkupuo. Mwandishi wa makala haya, ambaye viatu alivyovaa bado anavilipa kwa miezi, aliangalia pembeni.

Puseletso ana miaka thelathini na tisa, na leo hatulii kwenye kiti. Mapumziko ya saa nne yakifika, atatuma randi 140 benki, na kadi yake mwenyewe itasoma sifuri. Akiwa na barua ya benki inayosema hadaiwi kitu, ataweza kuomba kazi ya msimamizi wa makeshia. Maombi yanafungwa Ijumaa.

Nafasi hiyo aliikosa Juni. Mtihani alifaulu, lakini anayeshika funguo za sefu lazima rekodi yake ya madeni ikaguliwe kwanza, na yake ilikuwa imechafuka. Meneja, Bwana Tladi, alimwambia ana kwa ana kwamba kazi anaiweza, ila alete barua. Puseletso anasema alikwenda chooni akalia mpaka kitambaa cha sare kikalowa.

Deni lenyewe lilianza kwa nia njema. Yeye na wanawake wengine kumi na mmoja wana kikundi cha akiba. Huchanga mwaka mzima, na Novemba hununua kwa jumla unga, sukari, mafuta na sabuni za Krismasi, wakagawana uani kwa mwenyekiti wao, Mama Selloane. Miaka miwili iliyopita, ofa ya duka ilikuja wakati fedha zao zimefungwa benki kwa wiki mbili zaidi. Puseletso akaona akili imemjia: alipe yeye kwa kadi, ajikusanyie pointi za zawadi za kadi, wenzake wamrudishie fedha zikitoka.

Alilipa randi 26,300. Wiki mbili baadaye wengine walimletea fedha taslimu, wengine wakasema Januari, na Januari ikaja na sare za shule. Lakini hawalaumu.

"Mkosaji ni mimi," anasema. "Ile taslimu niliiona yangu. Nikapaua chumba cha nyuma, nikanunua friji. Kadi nikaisahau kabisa, kama vile aliyekopa ni mtu mwingine."

Mshahara wake ni randi 7,200. Kila mwezi akawa analipa kiwango cha chini kabisa ambacho benki hukubali, yaani randi 900, na mara mbili akachelewa. Mwaka mzima alitoa randi 10,800, na deni likapungua kwa chini ya elfu sita. Fedha nyingine zote zilimezwa na riba. Siku alipoisoma taarifa ya benki mstari kwa mstari, anasema, alihisi ameibiwa kisha akagundua sahihi ni yake.

Ndipo akaanza kufanya kazi Jumapili mbili kwa mwezi, na jioni kukaanga maandazi ya kuuza. Kila tarehe ishirini na tano alituma karibu elfu mbili kabla hajatoka dukani, kwa sababu anajijua: akifika kwenye lango la soko na mshahara, haurudi. Miezi kumi na mitatu alifanya hivyo, na wa kumi na tatu ndio huu, uliobakiwa na randi 140 tu.

Saa nne inagonga. Anaketi juu ya kreti, anabonyeza simu. Ujumbe unaingia: salio la deni, sifuri. Anaruka. Makeshia wenzake wanapiga vigelegele mpaka mlinzi anakuja kuangalia kuna nini. Hata mwandishi alijikuta anapiga makofi.

Hazijapita dakika arobaini, benki inatuma ujumbe mwingine. Inampongeza kwa uaminifu wake na kumwambia anastahili kikomo kipya cha mkopo cha randi 45,000. Puseletso anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anajibu hapana.

Alikuwa hajapiga simu kuomba barua yake wakati Mama Selloane alipoingia na kikundi kizima, matoroli yamejaa. Fedha zao, kama kawaida, zinatoka Jumatatu. Ofa inaisha leo.

"Mwanangu, tumesikia kadi yako imepumua," anasema Mama Selloane. "Tusaidie. Jumatatu asubuhi tunakulipa."

Huyu ndiye mama aliyemzika mama yake Puseletso, aliyepika siku zote tano za msiba.

"Mama, ukiniomba damu nitakupa," anasema Puseletso. "Kadi siitoi. Barua yangu leo itasema sifuri. Nikipitisha kadi, itasema elfu ishirini na saba."

"Tutapoteza elfu moja mia moja na arobaini."

"Ni tisini na tano kila mmoja. Yangu hii hapa." Anaitoa mfukoni, anaiweka juu ya kaunta.

Hakuna anayeichukua. Matoroli yanageuzwa, yanarudishwa ndani, na wanawake wanatoka bila kumuaga. Mama Selloane hamtazami.

Saa tisa alasiri barua ya benki aliyoiomba kwa simu inafika. Puseletso anaipeleka ofisini kwa Bwana Tladi pamoja na maombi yake, naye anaambiwa usaili ni Jumanne. Akipata, mshahara utakuwa randi 9,800. Kadi ataibakiza, lakini ameomba kikomo kishushwe hadi randi elfu tatu. Atanunulia umeme tu, na kila mwisho wa mwezi atalipa yote, si kiwango cha chini. Kinachobaki ni akiba ya chuo cha binti yake.

Anaporudi kaunta namba sita, Mama Selloane amesimama kwenye foleni peke yake. Hana toroli. Zamu yake inapofika, anaingiza mkono kifuani, anatoa leso, anaifungua juu ya kaunta. Ndani mna kadi nne za mkopo za maduka ya nguo na samani. Pensheni yake ni randi 2,300.

"Kikundi hakijui," anasema kwa sauti ya chini. "Hata watoto hawajui. Tunaanzia wapi, mwanangu?"

Puseletso anafunga kaunta, anachana kipande cha karatasi ya risiti, anatafuta kalamu.

"Keti hapa, mama," anasema. "Nitajie ile yenye riba kubwa kuliko zote."