Guzi ya Mjomba Andrea

Mgeni akifika nyumbani kwa Kasimiri, pale Bigwa, anakaribishwa aketi mkabala na pikipiki. Si uani wala si kibarazani. Sebuleni kabisa, kati ya kabati la vyombo na runinga, ndiko dude lenyewe lilikokaa, jekundu linang'aa, injini imetokeza silinda mbili huku na huku kama mtu aliyeshika kiuno.

"Usiiguse," Kasimiri husema hata kabla hajasema karibu.

Na jamani, mtu mwenyewe si mkorofi. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mpole, mchapakazi, anaweza kukaa kwenye kikao cha harusi kuanzia mwanzo mpaka mwisho asitie neno. Lakini mtajie pikipiki, umejitafutia mwenyewe. Atakueleza pistoni mpaka chai yako ipoe, na ukiaga atakusindikiza hadi barabara ya lami akikueleza kabureta.

Mkewe, Theresia, ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba ile, msisahau, imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo kawaida kwa Waluguru wengi, kwa hiyo angeweza kabisa kuwatimua wote wawili, mume na pikipiki. Hakuwatimua. Alichofanya ni kuning'iniza vitenge vyake kwenye usukani na kuwaambia wageni kwamba mume wake ameoa mke wa pili, Mtaliano, hapiki wala hafagii.

Pikipiki ilitoka milimani, Nyandira, kwa Mjomba Andrea, kaka yake mama yake Kasimiri. Zamani, mzee huyo akiwa kijana, alifanya kazi kwa injinia wa Kitaliano aliyekuja kwenye mradi wa maji, Bwana Renzo. Bwana Renzo alikuwa na pikipiki aina ya Moto Guzzi, na milima yote ile ya Mgeta ikaijua kwa jina la Guzi. Mradi ulipokwisha alirudi kwao, akamwachia Andrea ile Guzi, injini imeshajifunga haizunguki tena. Andrea akaiweka kwenye kibanda, na huko ikakaa miaka na miaka kuku wakitagia chini ya tangi. Haikuuzwa. Kila aliyepita alisimuliwa: "Tulikuwa tunakata kona za huku, we acha tu! Ukiisikia ikitokea bondeni, unasema ni mvua inakuja."

Sasa, kwa desturi yao, kitu cha mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita mzee alimwita Kasimiri, akamwonyesha kibanda, akamwambia: "Ichukue, ni yako. Ila nataka niisikie ikiunguruma kabla sijafumba macho. Sina neno jingine."

Basi Kasimiri akarogwa. Aliifungua injini juu ya meza ya kulia chakula, akakuta ndani kiota cha panya na ganda la yai. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania, akaziloweka kwenye dizeli wiki nzima, akazigonga kwa ubao taratibu mpaka zikaachia, naye akapiga vigelegele peke yake kama mama wa bwana harusi. Pistoni mpya zilikuja toka Italia kwenye begi la padri mmoja aliyekwenda huko masomoni. Kazi yenyewe alijifunza kwenye simu, kwa kumtazama babu mmoja wa Kitaliano ambaye Kasimiri hakuelewa hata neno lake moja. Aliangalia mikono yake tu, na mikono ilitosha.

Ilipokwisha kurudi kama zamani, akaona haitoshi. Barabara za Mgeta ni mawe matupu, kwa hiyo akaifunga shokapu za bajaji. Akaiwekea taa ya kisasa, akaiwekea honi ya lori, akaichomelea keria yenye maua na mikuki, maana fundi mageti hata achomelee kitanda kitakuwa na maua na mikuki. Akapaka rangi. Akaifuta. Akapaka tena.

Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuiwasha.

Siyo kwamba hakujaribu. Krismasi ya mwaka juzi alifunga betri pale pale sebuleni, akabonyeza kitufe cha selfu. Guzi ikapiga chafya moja kubwa, ikatoa moshi mweusi, mapazia ya Theresia yakabadilika rangi, kisha kimya. Tangu siku hiyo kidole chake hakikugusa tena kile kitufe. Kila akitaka kukigusa anakumbuka kwanza nyaya zinafaa kubadilishwa, kisha breki, kisha kioo cha pembeni hakijakaa sawa.

Kila Jumapili baada ya misa, simu inaita.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Imeunguruma?"

"Bado kidogo tu, Mjomba. Namalizia."

"Haya. Mimi nipo."

Aliahidi Pasaka, ikapita. Akaahidi sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti, ikapita nayo, alikuwa akisubiri kioo. Kisha Jumapili moja simu ikapokewa na jirani, akasema mzee amelala tangu Alhamisi, kifua kinambana. Jumapili iliyofuata Mjomba akapokea mwenyewe, sauti imekuwa ndogo. Hakuuliza habari ya pikipiki. Kasimiri alikata simu akakaa kwenye kochi, ameshika tama, anaitazama Guzi. Aliogopa, na alijua anaogopa nini. Isipowaka, atamwambia nini yule mzee? Maadamu haijajaribiwa, mzee bado ana cha kusubiri.

Hayo hakumwambia mtu. Lakini kulikuwa na mtu asiyehitaji kuambiwa.

Mansuri ni mnunuzi wa chuma chakavu pale Msamvu, na ukoo wake na ukoo wa Kasimiri ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wa huku, kwa asiyejua, ni mtu wa hatari. Atakutukana mbele ya wakwe na utacheka. Atachukua kuku wako bandani na huna pa kushtaki, utakwenda kumkomboa kwa masharti yake yeye. Ukifa, yeye ndiye mwenye msiba, na atalala kitandani kwako akijifanya wewe. Kwa miaka mitatu Mansuri alikuwa akipita na mizani yake ya kuning'iniza, anabisha hodi, anasema, "Nimekuja kupima maiti."

Safari hii alikuja bila mizani. Alikunywa chai, akaizunguka Guzi mara moja, akakaa.

"Kasimiri, we mwoga."

"Nimekosa nini tena?"

"Hii pikipiki imepona zamani. Unaipaka mafuta kama bibi harusi na mwenye kumwoa yuko Nyandira anakohoa. Unangoja nini? Nije nikuzike wewe na yeye siku moja, niokoe sanda?"

Theresia, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alipeleka uso dirishani asionekane anacheka. Angesema mwingine, Kasimiri angewaka. Kwa mtani unawakaje? Alijitia kucheka, likatoka cheko kavu. Akasema kimebaki kioo cha pembeni tu.

"Sawa," Mansuri akasema. "Kioo."

Siku ya pili yake Kasimiri alikwenda Kihonda kufunga geti la watu. Aliporudi jioni akafungua mlango, akasimama. Sebule ilikuwa kubwa ajabu. Kwenye zulia palibaki alama mbili za magurudumu.

"Theresia! Tumeibiwa!"

"Hatujaibiwa," mkewe alijibu toka jikoni. "Mtani wako kaja na pikapu ya kufuata kabichi. Kasema anachukua mali yake."

"Na wewe ukamwachia?"

"Nimemfungulia mlango," Theresia alisema, amemkazia macho. "Na nikampa kitenge cha kuifunikia isipate vumbi."

Kasimiri akapiga simu. Mansuri akapokea akitafuna. "Ukitaka kuikomboa, lete jogoo mweupe. Jumamosi, Nyandira, uani kwa Mjomba Andrea. Ukileta mwenye doa jeusi, naikata vipande." Akakata simu. Hapo tena afanye nini? Polisi hawaandiki kesi ya utani. Usiku ule Kasimiri alizunguka mjini akiulizia jogoo mweupe.

Jumamosi walipanda wote watatu, mume, mke na jogoo. Wakapita Mzumbe, wakaanza mlima, baridi ikaingia, makabichi na njegere zimepangwa kwenye matuta mpaka juu kwenye ukungu. Theresia alimshika Kasimiri mkono, naye akaubana kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Uani pale majirani walishajaa. Guzi ilisimama katikati, kitenge kimeondolewa. Mjomba Andrea alikuwa kwenye kiti, amevaa koti lake la misa, amekonda, lakini macho yanawaka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Naona imetangulia kuja yenyewe."

Mansuri alimpokea jogoo, akamgeuza huku na huku, akampuliza manyoya kutafuta doa, akatangaza kwa sauti kwamba ameridhika ingawa kuku mwenyewe amekonda kama mwenye kumleta. Watu wakaangua kicheko. Kasimiri akaisogelea Guzi, akaipanda. Jasho jembamba lilimtoka na baridi yote ile. Akawasha swichi, akafumba macho, akabonyeza.

Krrr. Krrr. Hakuna kitu.

Kasimiri hakuthubutu kugeuka amtazame mzee. Akabonyeza tena. Krrr. Hapo Theresia, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amelishwa habari za mashine hiyo kila mlo hadi akaijua kuliko alivyotaka, akasema, "Baba, umefungua petroli?"

Lo! Hakufungua. Alivifungua vikoki vyote viwili chini ya tangi, akangoja kidogo, akabonyeza.

Guzi ikakohoa, ikajitikisa, halafu ikanguruma. Si kelele za bodaboda hizi. Ni mngurumo mzito wa chini, unaingia kupitia nyayo, na kila akivuta mafuta mashine nzima inajiinamisha upande kama inacheza. Mlima wa pili ukaitikia. Watoto wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, Mansuri akatupa kofia yake juu na jogoo akatumia nafasi hiyo kumponyoka. Kasimiri alilia waziwazi, hakujificha.

Akamtazama mzee. Mjomba Andrea alikuwa amesimama mwenyewe, bila fimbo, mdomo wazi.

"Umeisikia, Mjomba? Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," mzee alisema. Akasogea, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo. "Sasa shuka."

"Nishuke?"

"Mimi sijawahi kuipanda."

Kasimiri hakuelewa. "Mjomba, si ulikuwa ukisema mlikuwa mnakata kona?"

"Tulikuwa tunakata. Bwana Renzo juu, mimi nyuma kwa miguu, na ndoo na sabuni. Nimeiosha hii mpaka naijua kila msumari. Kuikalia, hata siku moja hakuniruhusu." Akanyoosha koti lake. "Shuka, mwanangu."

Kasimiri akashuka. Wakampandisha mzee, Kasimiri akashika upande huu, Mansuri upande ule, wakamwelekeza: hii klachi, hii breki, gia namba moja tu, polepole, tunakushika. Mzee akaitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi mzuri. Kisha akaachia klachi yote kwa mpigo.

Guzi iliruka ikawatoka mikononi. Ilikatiza uwanja, kuku wakatawanyika, mtu akapiga yowe, Kasimiri anakimbia huku anaita breki, Mjomba, breki! Mzee hakugusa breki. Alipita kwenye ukingo wa uwanja akaingia moja kwa moja katika shamba lake mwenyewe la njegere, magurudumu yakazama kwenye udongo laini wa tuta, na injini ikazimika.

Walifika mbio, wanahema. Guzi imesimama wima, imenasa. Tope limetapakaa kwenye ile rangi nyekundu mpaka juu ya taa, na keria ya maua imebeba mmea mzima wa njegere na mizizi yake. Mjomba Andrea amekaa juu wima, mikono miwili kwenye usukani.

"Mjomba!" Theresia alipiga kelele. "Umeumia?"

Mzee aligeuka polepole, akawatazama mmoja mmoja kama watu waliochelewa kazini. Kasimiri akachuchumaa pale pale kwenye tuta akicheka mpaka machozi.

"Mnacheka nini?" Mjomba Andrea akauliza. "Nisukumeni nyuma. Halafu washa tena."