Kikao cha Kunirudisha Nyumbani

Nikisikia harufu ya sweta ya sufu ikikaushwa juu ya hita, hasira niliyokuwa nayo nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili huamka upya. Msinicheke. Tulikuwa tunaishi Thamesmead, Uingereza, miaka ya tisini ikielekea kwisha, na mvua ilikuwa imeilowesha sweta yangu ya shule pamoja na barua niliyopewa nimpelekee Baba.

Kosa langu lilikuwa swali. Mwalimu wa historia alikuwa ametueleza kwamba mizizi ya serikali ya Marekani iko Uingereza. Zamani sana mfalme mmoja alibanwa na mabwana wa nchi mpaka akakubali kwamba mtu huru hatafungwa wala kufukuzwa nchini bila kuhukumiwa na wenzake. Karne nyingi baadaye walowezi wakavuka bahari na haki hiyo, wakaunda mabaraza yao, na walipotozwa kodi bila kuwa na msemaji bungeni, wakamgeuka mfalme kwa sheria za Waingereza wenyewe. Alisimulia vizuri, lazima niseme. Nikanyoosha mkono: mbona walowezi waliokuja Kenya hawakutuletea hizo haki? Darasa likacheka. Akaniambia nisilete vurugu. Nikauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Barua ilisema mimi ni mkaidi. Baba, mlinzi wa ghala na mtu wa maneno machache, aliisoma mara mbili na hakuniuliza kitu. Jumapili akaita kikao.

Wakenya tuliojuana nao mtaani, mtoto akiwashinda, walikuwa wakimrudisha nyumbani Kenya, shule ya bodingi, akanyooshwe. Wakubwa walikuwa wakikaa sebuleni na kuamua. Mtoto kazi yake ilikuwa kuleta chai na kutoka. Naam, chai ya kikao cha kunifukuza niliipika mwenyewe, na kwa ubishi nikaizidishia tangawizi mpaka ikawa inawasha koo.

Nilimkuta Mjomba, kaka yake Mama, akihitimisha. "Samaki mkunje angali mbichi. Shule nimeshapata, aanze January."

Niliweka sinia mezani. Sikutoka.

"Haya, rudi jikoni," Mama akasema polepole.

"Sirudi. Mnanifukuza na hamjaniuliza nilisema nini."

Nilisema kwa Kiswahili, mimi niliyezoea kuwajibu kwa Kiingereza, na nadhani hilo liliwashtua zaidi ya maneno yenyewe. Kiswahili changu kilichechemea, lakini nilieleza yote: mfalme, walowezi, swali langu. Nikamalizia kwamba hata mfalme huyo asingeruhusiwa kunifanyia walichokuwa wakinifanyia wao.

Mjomba akaruka. "Mnaona? Huo mdomo ndio..."

"Mwache," Baba akasema.

Akakisukuma kando kikombe chake cha chai. Kisha akamwambia Mjomba: "Baba yangu Waingereza walimchukua nikiwa mdogo kuliko huyu, siku za Hali ya Hatari ya mkoloni kule Kenya. Miaka minne kambini. No court, nothing. Hakuna mtu alimuuliza alisema nini." Akanigeukia. "Huendi mahali. Kesho niko off. Tutaenda kwa huyo ticha, umuulize tena nikiwa hapo."

Tulikwenda. Nikauliza. Mwalimu akawa mwekundu, akasema jambo hilo halimo kwenye silabasi. Baba akamjibu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba sisi hatuna haraka, tutangoja liingizwe.

Kwa miaka mingi nilitamba kwamba nilimshinda Baba kwa historia. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba barua ile haikumkasirisha hata kidogo. Ilimtisha. Aliona mtoto wake akibishana na Mwingereza mwenye madaraka, na yeye alijua mambo hayo huishia wapi. Alikuwa anatafuta mahali pa kunificha kabla hawajaja kunichukua.

Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu aliilipia utotoni. Lakini mimi sikuirithi, na wanangu sitawarithisha.