Msafara wa pikipiki wa Kabambare ulivyoingia kwenye update ya library ya Python

Wakuu, salaam. Leo naomba ruhusa nijisifu, na chumvi sitaongeza.

Nipo Kasongo, Maniema. Shangazi yangu, Mama Furaha, ana depo ya mizigo inayokwenda Kabambare kwa pikipiki, dawa zikiwemo. Nilimtengenezea mfumo kwa Python: dereva akikabidhi mzigo anatuma meseji, na aliyeutuma anajulishwa umefika.

Ndani yake kuna library moja ya bure. Inaunganisha code ya sync, ile inayofanya kazi kwa zamu, na ya async, ile inayopokea mambo mengi kwa pamoja.

Library ikatoa toleo jipya. Nikaupdate, nikajaribu kwa simu yangu, safi kabisa. Madereva waliporudi kutoka Kabambare, mfumo ukaganda. Safari iliyofuata, ukaganda tena.

Kurudi toleo la zamani? Lile lilikuwa linapoteza meseji, ndiyo maana nililikimbia.

Mama Furaha hazunguki maneno.

"Mutoto wangu, hii mashini yako inalala wakati kazi iko mingi. Watu wananiuliza dawa yao, mimi naangalia tu ukuta. Ikilala tena, tunaiacha."

Iliniuma sana. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo watu wa kwetu waliitegemea.

Nikawaandikia wasimamizi wa library. Wakajibu kwa heshima tu: kwao haigandi.

Nikamfuata Kizito, mmoja wa madereva, nikamuuliza wanatuma meseji wakati gani.

"Kule réseau haiko, simu haishiki. Tunaandika, inabaki mu simu. Tukifika ku kilima, simu zote zinatuma mara moja."

"Mnafika wote pamoja?"

"Sasa tuachane mu potopoto? Pikipiki yako ikizama, nani ataivuta?"

Basi nikaelewa. Wasimamizi walijaribu meseji moja moja, na sisi hatusafiri mmoja mmoja! Meseji za msafara mzima ziliingia kwa mkupuo, async ikaisubiri sync, sync nayo ikaisubiri async. Hakuna aliyesogea.

Nikaandika test, yaani code fupi ya kupima library, inayoiga msafara, nikawatumia. Wakajibu: imeganda kwetu pia.

Wakuu, niliruka kwa furaha peke yangu chumbani.

Toleo lililofuata likaja na marekebisho, na jina langu kwenye release notes, yale maelezo yanayotoka na toleo. Madereva wakapita kilimani, meseji zote zikaingia. Mfumo umebaki depo.

Nikamwonyesha shangazi release notes.

"Na Kabambare iko wapi hapa?"

Nikafungua code, nikamwonyesha jina la test: msafara_kabambare. Hawakulibadilisha, na sasa test hiyo inapimwa kabla ya kila toleo. Akaita wateja wote waje kuona.

Nilichojifunza: usione haya kueleza maisha ya kwenu yalivyo. Wale jamaa wana akili nyingi, ila hawajawahi kukwama kwenye matope yetu.

Kama maisha ya kwenu yamewahi kugandisha code ya watu, shusheni hapa chini tusome. Mimi niacheni nitembee kifua mbele: leo mtu yeyote duniani akigusa library ile, msafara wetu usipopita, toleo halitoki.