Mke Mwenza Ndani ya Folda

Juzi, Kahama mjini, nilikuwa nasubiri kutoa kopi ya kitambulisho kwenye duka la kompyuta. Akaingia mama mmoja, mkoba kaubana kwapani utadhani kuna anayeutaka. Shikamoo ya fundi ikaning'inia bila marahaba.

"Nasikia tovuti ya bi mdogo iko ndani ya folda yangu."

Fundi akaeleza taratibu. Mzee, mume wao, ana seva moja ya kuhifadhia tovuti. Tovuti ya mama ya kuuza mchele ilitangulia. Ya mke mdogo, anayeuzia wachimbaji mabuti, ikaingizwa humo humo.

"Kwetu kila mke ana nyumba yake!" Mama aligonga meza kwa kidole. "Mtoe. Leo."

Fundi akatoa kwanza nakala ya akiba, kisha akaihamisha tovuti ya bi mdogo kwenye folda mpya na kuifungua. Mabuti yakang'aa kwenye kioo. Mama akageuza uso.

"Na hiyo nakala umeiweka wapi?"

"Humo kwako, mama."

"Kwa hiyo kahama na bado yupo?"

"Naweza kuifuta. Ila huko alikohamia kukiharibika, itabidi mzee amjengee nyingine, mpya kabisa."

Kidole kikasimama hewani. Mama akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Iache. Lakini iweke chumba cha nyuma."

Kumbe wivu nao una hesabu zake: afadhali kufuga nakala ya mke mwenza kuliko kumwona anajengewa mara ya pili.