Kikaango cha Nafasi Namba Moja

Kila asubuhi ya kiangazi, kwa miaka kumi na mmoja, Verla Stokke, mwangalizi wa kambi moja ya hifadhini, alizunguka kambi akitafuta chakula cha watu kilichoachwa nje. Nafasi arobaini na sita za kuegesha, meza arobaini na sita za mbao. Akikuta deli la kupozea vinywaji limesahaulika nje, alilibeba. Bakuli la mbwa, chupa ya mchuzi, hata dawa ya meno juu ya kisiki, vyote alivibeba, akaacha karatasi ya njano chini ya jiwe: njoo nafasi namba moja uchukue mali yako. Wenye mali walikuja wamenuna. Walimwita Polisi wa Meza.

Ilikuwa kambi ya magari ya kuishi yenye kuta ngumu. Hema halikuruhusiwa, wala karavani la turubai, kwa sababu dubu wa bonde lile walikatiza kambini wakielekea mtoni. Dubu akipita na kwenda zake, hakuna neno. Akionja chakula cha mtu, atarudi. Akirudi anategwa, na dubu wa mtegoni ni nadra kuuona msitu tena. Mwaka wake wa nne, Verla aliona jike mmoja akiburutwa juu ya turubai na wanaume wanne. Tangu siku hiyo alipunguza maneno na kuongeza kubeba.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, na uchovu wake haukuwa wa kuisha kwa usingizi. Magoti yalimuuma, lakini magoti alikuwa ameyazoea. Kilichomchosha ni kuwa macho kwa watu wawili. Mumewe Orrin, aliyeendesha malori ya ngano maisha yake yote, alikuwa mwaka wa pili akipotewa na mambo. Aliuliza swali moja mara sita, na Verla alijizoeza kulijibu mara zote sita kama jipya. Nyumba yao katika mji wa Minot walikwisha kuiuza, na gari lao la kuishi ndilo lililokuwa nyumba. Uangalizi wa kambi haukuwa na mshahara, ila ulikuwa na nafasi yao, maji na umeme, kuanzia Juni hadi Septemba. Zaidi ya hayo, Orrin aliijua kambi ile kwa miguu. Kwingine alipotea akienda msalani. Hapa alishuka mtoni kila siku saa nne na kurudi mwenyewe. Daktari alisema asitolewe mahali anapopajua. Kwa hiyo Verla hakumwambia mtu yeyote kuhusu hali ya mumewe. Kila jioni alificha vyakula, akafunga kabati kwa ufunguo, kisha akalala jicho moja wazi.

Asubuhi ile ya Agosti alimaliza mzunguko bila kukuta kitu. Aliporudi kwake, akasikia harufu ya bekoni.

Jiko la gesi la nje lilikuwa bado la moto. Orrin alikuwa ameamka, akafungua friji ambayo Verla alisahau kuifunga kwa ufunguo, akakaanga kama alivyokaanga asubuhi zote za ujana wake, akaacha kila kitu mezani na kurudi kitandani. Kikaango cha chuma kilikuwa chini kwenye nyasi, kimelambwa mpaka kinang'aa. Kitambaa cha meza kilikuwa na michirizi minne ya kucha. Kwenye tope kando ya bomba palikuwa na unyayo mpana kuliko kofia ya Verla.

Alisimama akiutazama. Kisha akaenda kuchukua reki.

Alikuwa amefuta nusu ya unyayo aliposikia mlango wa gari la jirani. Dewitt, mwanamume mnene wa nafasi namba mbili ambaye deli lake lilikuwa limekamatwa mara mbili wiki ile, alisimama na kikombe cha kahawa. Akatazama kikaango, akatazama reki.

"Polisi wa Meza," akasema taratibu. "Leo umejikamata mwenyewe?"

"Rudi ndani, Dewitt."

"Siku hizi unafuga? Ungetuambia tu, tungechangia mahindi."

Verla akavuta reki tena. Dewitt akanywa kahawa yake, akatazama mlango uliokuwa wazi, ambamo mguu wa Orrin ulionekana ukining'inia kitandani. Sauti yake ikashuka.

"Sikiliza. Mimi sijaona kitu. Nirudishie deli langu bila hotuba, na wewe endelea kufagia."

Verla akaingia stoo, akatoka na deli, akamkabidhi. Dewitt akalipokea akitabasamu. Bado alikuwa amelikumbatia Verla alipochukua simu ya upepo kiunoni na kusema, "Kenna, njoo namba moja. Dubu amekula."

"Sasa mama, hili nimelipokea la nini?" Dewitt akauliza.

"Ni lako. Liweke ndani."

Kenna, askari wa hifadhi mwenye umri wa kuwa mjukuu wao, alifika baada ya robo saa. Akapima unyayo uliobaki. Nusu iliyofutwa aliitazama bila kuuliza.

"Nani aliacha chakula, Bi Verla?"

"Mimi. Nilichoka, nikasahau."

Orrin alikuwa amefika mlangoni, amevaa ndala, mkono wa shati lake umelowa mafuta ya bekoni.

"Wewe?" akasema. "Bibie, miaka yote hii unawafokea watu kwa chupa ya mchuzi, halafu wewe?" Akashuka ngazi, akampapasa bega. "Usijali. Uzee huo. Kuanzia kesho nitakuwa nakukumbusha."

"Asante, mzee," Verla akasema.

Dewitt akageuka kutazama miti. Kenna aliutazama mkono wa shati, akatazama karatasi ya mzunguko mkononi mwa Verla, yenye saa na namba za nafasi alizopita asubuhi ile.

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

"Unajua sheria ya waangalizi. Mwangalizi akiacha chakula nje, anaondoka."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wenzangu."

Kenna akaandika. "Nitaomba muongezewe hadi Jumapili."

"Na yeye?" Verla akauliza, akionyesha msitu kwa kidevu.

"Ni mara ya kwanza. Tutamfukuza kwa makelele na risasi za mpira. Tumejua mapema, hilo litamsaidia."

Jumapili, siku ya kuondoka, Verla alikaa nyuma ya usukani. Orrin alisimama nyuma ya gari kumwelekeza, na mikono yake haikusahau kitu: kushoto kidogo, njoo, njoo, ngumi mbili juu, simama. Gari lilisimama shubiri moja tu kutoka mezani. Verla akangoja aje apande.

Hakuja. Kwenye kioo alimwona akitazama jua, kisha akigeuka na kushika njia ya mtoni. Ilikuwa saa nne. Dewitt akachukua kopo lake la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu, akamfuata kwa mbali.

Verla akazima injini. Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho yote mawili. Njia ile Orrin bado aliijua, na angerudi.