Swali Dogo Tu la Mzee Toamada

Waumini wa ibada ya Kiswahili kule Crystal, mji mdogo wa ughaibuni, walilijua gari la Elihuruma Mshana kabla ya kumjua mwenyewe. Lilikuwa gari la kijivu lisilo na makuu, ila kibao chake cha namba hakikuwa na namba. Kilikuwa na herufi alizoziomba serikalini kwa hiari yake na kuzilipia: TOAMADA.

Aliziomba kwa furaha. Katika ushirika wao mdogo wa Kilutheri yeye ndiye alikuwa mtu wa semina. Ikifika wiki ya ndoa, mada anatoa Elihuruma. Ikifika wiki ya malezi, mada anatoa Elihuruma, na ikifika wiki ya vijana, vijana wenyewe hukaa chini wakamsikiliza Elihuruma. Kwa hiyo siku aliyowasikia wakimtaja kule maegeshoni kwa jina lililosikika kama "Toamada", alielewa mara moja kwamba wamemfupishia cheo chake, mtoa mada. Alitabasamu njia nzima. Watu hawampi jina mtu wasiyemjali, alimwambia binti yake Elinaja, na Elinaja akageuka kutazama dirishani.

Siku za kazi alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha mji jirani wa Plymouth kinachotengeneza vipande vidogo vya vifaa vya hospitali. Aliinamia lenzi tangu asubuhi, akitafuta mkwaruzo mwembamba kuliko unywele. Kipande chenye kasoro kilitupwa kwenye chombo chekundu bila mjadala, maana kipande kibovu kikipita kinaweza kuishia mwilini mwa mtu. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Shida ni kwamba Jumapili lenzi hakuiacha kiwandani.

Majira ya baridi yalimrahisishia kazi yake ya uzee wa kanisa. Theluji ikianguka usiku, gari lililolala nje huamka limevaa kofia nyeupe, na chini yake lami imebaki kavu. Elihuruma akipita asubuhi na kuliona gari la kijana limevaa kofia mbele ya nyumba ya binti ambaye hawajafunga naye ndoa, hakuhitaji shahidi. Alipiga simu. Hakufoka hata siku moja. "Habari za huko, mwanangu," angesema kwa sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. "Nina swali dogo tu."

Swali dogo tu lilijulikana mpaka Saint Paul. Nyuma yake kilikuja kikao cha wazee, na nyuma ya kikao mtu alitengwa na Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu, atubu, arudishwe kundini. Dinah, mmoja wa waliotengwa, alisimama, akalia, na Jumapili iliyofuata hakuonekana tena. Mwingine, Lenny, alihamia kanisa la Wazungu, ambako hakuna aliyetaka kujua gari lake limelala wapi. Na waliobaki hawakusema neno. Hofu haihitaji mtu mkali zaidi ya mmoja. Wengine wote wanatakiwa wawe wapole tu, watazame viatu vyao, waseme amina.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutazama viatu vyake, naye ni Mudrick Mosha. Walifika nchi hii pamoja wakiwa wanafunzi, wakalala chumba kimoja Saint Paul, wakala ugali wa unga wa mahindi ya njano ambao Mudrick aliuita adhabu. Elihuruma ni Mpare na Mudrick ni Mchaga, na Mpare na Mchaga ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mudrick alikuwa akimtangaza kila mahali kama Mpare aliyeuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Elihuruma naye hakubaki nyuma, enzi hizo ulimi wake ulipokuwa mwepesi.

Kisha akawa mzee wa kanisa, na ulimi ukawa mzito. Vuli iliyopita, wakiwa mezani kwa watu, Mudrick alisimulia kwa kicheko jinsi yeye na mkewe Doris walivyofunga ndoa mahakamani wakiwa na makoti ya kuazima. Wote walicheka. Elihuruma aliweka kijiko chini. Ndoa ya serikali, miaka yote hii, na haijabarikiwa kanisani. Na mtu huyu anapokea Meza ya Bwana.

"Mtani," alisema, "nina swali dogo tu."

Kikao kilikaa. Mudrick aliambiwa yeye na Doris wasimame mbele ya ushirika, watubu, ndoa ibarikiwe, na mpaka hapo wametengwa na Meza ya Bwana. Mudrick alivaa kofia yake humo humo ndani. "Mke wangu hana pepo la kuombewa," alisema, akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga Crystal.

Sasa ilikuwa Jumapili ya Januari, ibada imekwisha, Elinaja ameshika usukani wa gari la babaye kwa sababu mzee hakuyaamini tena macho yake ya mbali kwenye barafu. Simu ya Elinaja ilikuwa imeunganishwa na spika za gari. Ujumbe uliingia, akaubonyeza bila kufikiri, na sauti ya Doris ikajaa garini.

"Elinaja mwanangu, anko wako anafanyiwa upasuaji wa moyo kesho asubuhi. Madaktari hawakutuficha, ni upasuaji mzito. Anataka kuona watu leo, waje tu, wasiogope. Ila, mwanangu, uniwie radhi, amesema Torkemada asije."

Kifuta kioo kilikwenda na kurudi.

"Asije nani?" Elihuruma aliuliza.

"Baba, tufike kwanza."

"Ni mimi huyo, najua. Lakini mbona analitamka hivyo? Torke, Torke. Doris naye ameambukizwa Uchaga?"

"Siyo Uchaga, Baba."

Elinaja aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akazima injini. Akaeleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake jambo likiwa zito. Torquemada alikuwa mtawa wa Hispania, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, mkuu wa baraza la kuchunguza imani za watu. Chini yake jirani alimchongea jirani, watu wakateswa ili wakiri, wengine wakachomwa moto. Alikufa kitandani kwake, mzee. Jina lake ndilo lililokataa kufa. Mpaka leo mtu anayechungulia roho za wenzake na kuhukumu bila huruma huitwa hivyo, hata na watu wasioweza kuionyesha Hispania kwenye ramani.

"Walikuwa wakiwasaka Wayahudi waliobatizwa," Elinaja aliendelea, sasa kwa Kiswahili, taratibu. "Inasemekana Jumamosi walitazama mabomba ya moshi juu ya nyumba. Nyumba isiyotoa moshi, basi wenyewe wanashika Sabato kwa siri. Wanakamatwa."

Elihuruma alitazama magari yaliyoegeshwa mbele yao. Mawili yalikuwa na kofia nyeupe.

"Watu wote wanajua?"

"Wote, Baba. Anko Mudrick ndiye aliyeanza."

"Na wewe ukaniacha nikalibandika kwenye gari?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi baba yako?"

Elinaja aliwasha injini. "Niliogopa swali dogo tu."

Walipofika nyumbani mzee hakushuka. Alihamia kwenye usukani, macho mabovu na yote, na Elinaja alipomshika mkono akasema, "Niache. Akifa kesho, neno la mwisho kati yetu ni hukumu."

Barabara ya kwenda Lakeville, kwa Mudrick, ilikuwa na utelezi, na theluji ilianza tena kabla hajafika nusu. Alijaribu kupanga la kusema. Unaendeleaje? Hilo ni swali. Unaumwa wapi? Swali. Umenisamehe? Swali, tena baya kuliko yote, maana linamdai mgonjwa. Aligundua kwamba hana sentensi hata moja kinywani isiyokuwa na ndoano mwishoni.

Alipoegesha aliona pazia likifunuka kidogo, kisha likaanguka. Walikuwa wamesoma kibao.

Doris alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Alikuwa amevimba macho. "Shikamoo shemeji. Amesema hapana."

"Marahaba. Nimesikia." Theluji ilimtua mabegani. Alitaka kuuliza, akajiuma ulimi. "Mwambie mzee wa kanisa hakuja. Aliyekuja ni mtani. Mtani hafukuzwi mlangoni."

Doris alimtazama kama anayepima kama daraja litabeba. Akaingia ndani. Sauti ya Mudrick ilisikika kutoka sebuleni, nyembamba, imekatika pumzi, lakini ni yake.

"Kama ni mtani athibitishe. Wapelelezi nao siku hizi wana watani."

Elihuruma alisimama pale kizingitini. Miaka mingapi hakuwa ametania? Alilitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni mbele ya mlango wake mwenyewe, na baridi inamla. Lisipopatikana, basi mlango utafungwa, na kesho ni kesho.

"Mwambie," alisema, kisha akapaza sauti ili isikike ndani. "Mwambie nimesikia madaktari wanaleta mashine kubwa ya kushtua moyo wake. Wanapoteza umeme bure. Mchaga yule, waangushe shilingi sakafuni. Moyo utaruka wenyewe."

Kisha kikaja kitu kama kikohozi, na kikohozi kikageuka kicheko.

"Doris, mfungulie," Mudrick alisema. "Utani mbaya hivyo, ni yeye."

Alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni, amepungua mpaka Elihuruma akayakwepesha macho. Alivuta kiti akakaa.

"Haya," Mudrick alisema. "Uliza. Ndoa yangu, sivyo?"

"Sina swali."

"Sasa ndiyo umenitisha. Daktari amekwambia nini ambacho sikijui?"

Elihuruma alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Elinaja ameniambia maana ya jina."

Mudrick alifumba macho. "Nilikupa mimi. Ilikuwa utani, bwana. Ulikuwa umenihoji kuhusu sukari iliyopungua kwenye kopo, tukiwa chumba kimoja, unakumbuka? Ulinihoji mpaka nikatamani niwe nimeila. Nilikuwa nasoma historia muhula ule, nikakuita hivyo. Halafu vijana wakalichukua. Wao si watani wako. Kwangu lilikuwa mchezo, kwao likawa onyo." Alipumua. "Ulipolibandika kwenye gari nilicheka mpaka Doris akaniletea maji. Baadaye, siku ya kile kikao, nilikaa pale nikaona limekutosha. Hapo sikucheka."

"Nilidhani nalilinda kundi."

"Yule wa Hispania naye alidhani hivyo hivyo." Mkono wake wa baridi ulitoka chini ya blanketi, ukaushika wa Elihuruma. "Nikifa kesho, Elihuruma, mimi niliyetengwa, watanizika?"

Lilikuwa swali, na safari hii aliyetakiwa kujibu ni yeye. Kanuni aliijua, aliiandika mwenyewe: aliyetengwa hazikwi na kanisa. "Nitakuzika mimi," alisema. "Mtani ndiye anayetangulia kuchimba kaburi. Wasiotaka wabaki na kanuni yao. Na Meza ya Bwana sitaigusa mpaka na wewe uiguse."

Mudrick hakuuondoa mkono.

Barabara zilizidi kuwa mbaya, Doris akamtandikia sebuleni. Asubuhi kulipokuwa bado giza walijiandaa kwenda hospitali kwa gari la Doris. Gari la kijivu lilikuwa limezama, kofia nene juu, kibao tu kimebaki wazi, kimekingwa na bampa. Doris alimpa brashi ya theluji.

"Safisha, shemeji. Gwakisa anapita hapa akienda kazini. Ataona umelala kwa waliotengwa."

Gwakisa alikuwa mzee wa kanisa kijana kuliko wote, na Elihuruma ndiye aliyemfundisha kazi. Alilitazama gari lake kama angelitazama la mtu mwingine. Akairudisha brashi.

Kwenye chumba cha kungojea, Doris aliomba bila sauti. Mlango ambao Mudrick alipitishiwa ulikuwa umefungwa, na kila muuguzi aliyetokea, Elihuruma alisimama, kisha akakaa. Hakuna aliyewajia. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Shikamoo mzee," Gwakisa alisema. Sauti ilikuwa laini, ya kubembeleza, na Elihuruma aliitambua kwa sababu ilikuwa yake. "Samahani kwa usumbufu asubuhi hii. Nimepita Lakeville. Nina swali dogo tu."

Elihuruma alitazama mlango. Jasho lilimtoka mgongoni, kama lilivyowatoka Dinah, na Lenny, na wote aliowapigia.

"Marahaba," alisema. "Uliza."