Nafasi Saba Ndani ya Ukuta

Kijana Kule hakuwa mtu wa kununa ovyo, lakini ofisi ile ya mtaa wa Bigo ilimnunisha kabla hata hajanywa chai. Ndani ya ukuta palikuwa na nafasi saba za magari, na wenye magari walikuwa kumi na tisa. Tangu risasi zinyamaze nusunusu, gari lililoachwa barabarani halikosi kupungua: leo kioo, kesho betri. Basi wakubwa walimwagiza mlinzi Isidore awawekee vidumu vya manjano kwenye nafasi tangu alfajiri. Watu wazima na digrii zao, wanalindiwa nafasi na kidumu! Kule alitema mate kila alipoviona.

Yeye alikuwa fundi wa kompyuta wa shirika, kijana aliyehamia Bunia kutoka Butembo. Mkurugenzi alipochoshwa na ugomvi wa langoni, alimwagiza atengeneze programu ya kugawa nafasi. Kule aliifanya kwa moyo wote. Kila Ijumaa mtu anaomba nafasi ya wiki ijayo kwa simu. Programu inampa alama anayeishi mbali, anayechelewa kutoka kazini, aliyekosa wiki iliyopita. Cheo hakikuwamo.

Aliyekuwa akimfikiria ni mama Immaculée, mtunza nyaraka. Aliishi ng'ambo ya uwanja wa ndege, na mara mbili alikuta gari lake halina betri. Mara ya pili giza lilimkuta njiani kwa miguu, na wanaume wenye bunduki wakamzuia saa nzima. Hakusema walimwambia nini. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi jioni, huacha makaratasi yake na kutoka kuliangalia gari.

Siku moja kabla ya programu kuanza, Marcellin, mkuu wa ugavi, aliingia, akafunga mlango na kukalia meza ya Kule. Marashi yake yalijaa chumba kizima.

"Petit, mudogo yangu, weye uko na akili sana. Utie kitu kidogo mule ndani. Siye bachefs, siye bakubwa, tupite mbele."

"Chef, ile haitakuwa haki."

"Nani atajua? Iko mu machine. Na mukataba yako inaisha mwezi ya tatu, ao sivyo?"

Kule aliandika mstari mmoja ndani ya programu, wa kuwatanguliza wakubwa. Dakika mbili hazikuisha. Alijiambia ataufuta akishapata mkataba, na uongo huo ulimchefua kuliko marashi.

Mkataba aliupata. Mstari hakuufuta. Vidumu viliondolewa, mkurugenzi akamsifu mbele ya wote, na magari yaleyale yakaegeshwa palepale, pua zikitazama lango, tayari kwa kukimbia. Marcellin alionyesha watu simu yake bila haya: amepata tena.

Ijumaa moja Immaculée aliingia, simu mkononi. Kule alijua amekuja kulalamika, na kwa kweli alitamani alalamike.

"Tena sikupata," alisema. "Lakini haizuru, mwana yangu. Zamani nilizani bachefs wanatuonea. Kumbe kuko wenye wako na shida kupita mimi. Pengine chef Marcellin iko na mambo ku nyumba yenye hatujue. Aksanti, sasa roho yangu imetulia."

Akamwekea mezani parachichi mbili. Kule alizipokea kwa mikono miwili, akashindwa kuinua macho, naye mama akatoka kwenda kuangalia kama betri ingalipo.